APRILI KUDHAA: MWEZI WA TANGA MBILI

Askari aliyepangiwa zamu visiwani hufundishwa mapema jinsi ya kuilinda silaha yake isiliwe na chumvi. Jambo moja aghalabu hafundishwi, nalo ni mwezi wa Aprili.

Kudhaa ni kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni, kusini mwa Kismayu, katika mlolongo wa visiwa vya matumbawe uteremkao hadi karibu na mpaka wa Kenya. Ikweta iko jirani, kwa hiyo mwaka haugawanywi na baridi na joto, bali na upepo. Tangu Desemba hadi Machi hutawala kaskazi. Tangu Mei hutawala kusi. Baina ya pepo hizo mbili ndipo ulipo Aprili, wakati wa malelezi, ambao mabaharia huuita pia tanga mbili, kwa kuwa siku ile ile chombo kimoja chaweza kwenda na kingine kikaja, kila kimoja na upepo wake.

Asili ya mambo haya haiko Kudhaa. Yapata tarehe 21 Machi jua huvuka Ikweta kwenda kaskazini, bara la Asia likaanza kupata moto, na hewa ya kusini ikavutwa kulifuata. Kaskazi hulegea, kusi bado hajapata nguvu. Hata mkondo wa bahari hugeuka: uliokuwa ukiteremka na pwani ya Somalia huanza kupanda, na kufikia Julai huwa unakwenda kwa kasi ya kutisha.

Kwa hiyo siku moja ya Aprili yaweza kuwa na sura nne. Alfajiri bahari ni shwari kama mafuta katika sinia. Saa nne hupuma matlai, upepo mwanana wa mashariki. Adhuhuri joto hukaba pumzi. Alasiri wingu jeusi huinuka kusini, dhoruba hupiga kwa muda wa kuchemsha chai, kisha nyota hutoka kana kwamba hapakuwa na kitu.

Mimi nililijua hilo kwa hasara. Nilikuwa luteni mpya, nimetoka chuo cha kadeti nikijua ramani na dira, na nilikuwa na amri ya kufikisha shehena kisiwani kabla ya jioni. Nahodha, mzee wa Kibajuni, alitazama juu akasema, "Afande, tungoje maji yajae. Wingu lile lina upepo ndani."

Nikamjibu, "Mzee, amri ni amri."

Ilikuwa bamvua, na mwezi huo bamvua ni kubwa. Maji hupanda na kushuka karibu mita tatu. Tulifika katika mlango wa mwamba wakati maji yanatoka kwa nguvu, na dhoruba ikaja kutoka kusini ikakutana nayo uso kwa uso. Mawimbi yalisimama wima. Mzee alitua tanga, akatia nanga, akatuamuru, nami nikiwa mmoja wa walioamriwa, tutupe magunia baharini. Tulitupa unga wa watu waliokuwa wakiungoja. Redio iliingia maji ikanyamaza siku mbili. Hakuna aliyekufa, na hilo si kwa sifa yangu. Tulipofika pwani mzee hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nitakunywa chai.

Wenye mipango mikubwa huipa hali ya hewa nafasi yake, wapende wasipende. Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia, mvua za vuli zilikwamisha magari katika tope. Kismayu yenyewe yaliiendea kwa njia ya bahari tarehe 28 Septemba 2012, kusi alipokuwa ukingoni.

Lakini ndugu zetu wa visiwani hawauogopi Aprili tu, huungoja pia. Kismayu haipati hata nusu ya mvua ya Mombasa, na visiwani maji matamu ni adimu. Mvua hizi Wasomali huziita Gu. Mvua zilipokosekana misimu mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, ukame wake ulikuwa mbaya kuliko wowote wa miaka 40. Kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Wingu jeusi lililonitia mimi hofu mlangoni, mama mmoja pwani alikuwa akilipangia ndoo.

Ifikapo katikati ya Mei mambo huwa wazi. Kusi hukaza, mawimbi hupasuka juu ya mwamba usiku kucha, na wavuvi huvua ndani ya mwamba tu. Mzee wangu alikuwa amekwisha kupandisha chombo chake mchangani. Nilimkuta akikikwangua, kopo la sifa kando yake, harufu ya mafuta ya papa imejaa ufukwe mzima. Nilivua buti, nikaomba brashi ya pili.