Juu ya nini samaki wa ziwa Tanganyika wanauana ndani ya akwariamu?

Watu wa Uvira na Kalemie wanajua samaki wadogo wenye kukaa kwenye mawe ya ziwa Tanganyika. Wale wa aina ya Tropheus wanafugwa hata Ulaya. Ziwani, kila mmoja analinda mawe yake, maana anakula majani laini yanayoota pale. Mwenye kushindwa anakimbia. Ndani ya kioo atakimbilia wapi?

Dalili: anajibana kwenye kona, mapezi yamepasuka, hakuli tena.

Usiweke watatu ao wane: mwenye nguvu atamwandama mmoja tu mpaka afe. Weka 12 ao zaidi, ndani ya akwariamu ndefu, hasira igawanyike. Ukileta mgeni, panga mawe upya kwanza, wote waanze kutafuta nafasi pamoja. Aliyeumizwa umtoe leo, usingoje kesho.