Dirisha la Fomu na Usalama wa Mgonjwa

Kalemela, mkoani Simiyu, kama kwingineko Usukumani, pacha wa kwanza huitwa Kulwa na wa pili Doto. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba mama amewapeleka wanawe pacha katika Kliniki ya Tiba na Matunzo, wote wawili wakitumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Jina la baba ni moja, tarehe ya kuzaliwa ni moja, hata siku ya kurudi kliniki ni moja. Kinachowatenganisha katika kumbukumbu ni jina la kwanza, namba na uzito: Kulwa ana kilo 9.5, Doto kilo 11. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kilo 6 hadi 9.9 ni kundi moja la dozi, na kilo 10 hadi 13.9 ni kundi jingine. Uzito wa mmoja ukiandikwa katika rekodi ya mwenzake, kosa la vidole huweza kufika hadi kwenye dozi ya mtoto.

Kumbukumbu za kliniki hizi huanzia kwenye karatasi. Mgonjwa hubaki na kadi ya CTC1, na kituo huhifadhi kadi ya CTC2. Yaliyomo katika kadi ya pili huingizwa katika kanzidata iitwayo pia CTC2, iliyojengwa kwa programu ya Microsoft Access.

Programu hiyo ina tabia ambazo kila mjenzi wa fomu hana budi kuzijua. Kwanza, haingoji kuamriwa ihifadhi: mwingizaji takwimu akihamia rekodi nyingine, alichokiandika huhifadhiwa papo hapo. Pili, kitufe cha Tab kikibonyezwa katika kisanduku cha mwisho, fomu isiyorekebishwa huruka hadi rekodi inayofuata. Katika matoleo yaliyotangulia lile la 2007, hata gurudumu la kipanya likizungushwa liliweza kuhamisha rekodi. Aliyeinamia kadi ya Kulwa hana habari kwamba dirisha limekwisha kumfungulia Doto.

Tiba yake imo katika sifa za fomu. Sifa iitwayo Cycle ikielekezwa kwenye rekodi iliyopo, Tab huzunguka ndani ya rekodi hiyo hiyo. Sifa ya Modal huzuia kugusa fomu nyingine mpaka iliyo wazi ifungwe; hivyo fomu mbili za wagonjwa wawili hazishindani machoni. Visanduku vya jina na namba hufungwa visibadilishwe, vikabaki juu ya dirisha kwa maandishi makubwa. Alama ya kufungia iliyo pembeni huondolewa, na badala yake huwekwa vitufe viwili: «Hifadhi na funga» na «Acha bila kuhifadhi».

Kitufe cha kwanza kina mtego wake. Kikipewa amri ya kufunga peke yake, na rekodi imekosa sehemu ya lazima, dirisha huweza kufungwa na maandishi yote yakapotea bila onyo. Amri ya kuhifadhi haina budi kutangulia, na ile ya kufunga ifuate baada ya kufanikiwa.

Hata hivyo, kinga ikizidi huzaa mazoea. Onyo likijitokeza kila hatua, mkono hujifunza kubofya «Ndiyo» kabla jicho halijasoma. Onyo litunzwe kwa jambo zito, kama vile uzito unaotofautiana mno na wa ziara iliyopita. Wala mhudumu asiubadilishe mfumo wa taifa kwa mkono wake. Akiona kasoro, aiandike na kuifikisha kwa wasimamizi wa mfumo.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Aje na kadi yake, na aombe namba isomwe kutoka kwenye kadi, kwa sauti ya chini isiyofika kwa wengine, kabla uzito haujaandikwa. Mama wa pacha akiuliza, «Hapo umemfungua Kulwa au Doto?» hamsumbui mhudumu, anamlinda mtoto.