Chungu cha Olmoti na Umri wa Binadamu

Ndugu zetu wa Segerea waendao kazini mjini kila alfajiri hufika karibu na Makumbusho ya Taifa, palipohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus. Wengi twajua kwamba Mary Leakey aliligundua huko Olduvai tarehe 17 Julai, 1959, na kwamba lilirejeshwa nchini mwaka 1965. Lakini ni wangapi wajuao kwamba umri wake tuliambiwa na mlima?

Mlima huo ni Olmoti, kaskazini ya Ngorongoro, karibu na kijiji cha Nainokanoka. Kwa Kimaasai jina hilo maana yake ni chungu, nalo lausadifu. Hapo kale ulikuwa volkeno yenye nguvu. Ulipokwisha kutapika uji wa moto, kilele chake kilikosa cha kukishikilia, kikadidimia na kuacha shimo la duara ambalo wataalamu huliita kaldera. Shimo hilo ni dogo, wala halina kina cha Ngorongoro, ambacho hufikia mita 600 hivi. Tangu hapo mvua zimeumomonyoa mlima. Na Mto Munge umekata ukingo wake, ukaporomoka hadi ziwa la magadi lililo ndani ya Ngorongoro.

Kazi kubwa ya Olmoti ilifanyika kabla haujachakaa hivyo. Yapata miaka milioni 1.8 iliyopita, upepo na mito vilichukua majivu yake hadi Olduvai, penye ziwa siku zile, yakatanda tabaka juu ya tabaka. Kati ya tabaka hizo ndimo yalimosalia mifupa na zana za mawe.

Majivu hayo yana chembe zenye potasi, na sehemu yake ndogo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Volkeno ikilipuka, agoni ya zamani hutoroka kwa joto; chembe zikipoa, hesabu huanza upya. Leakey mumewe, Louis, alikuwa amekisia umri wa miaka 600,000. Mwaka 1961, baada ya Evernden na Curtis wa California kuipima gesi hiyo, ilitangazwa miaka 1,750,000. Vipimo vya baadaye vimeongeza hadi karibu 1,840,000.

Zinjanthropus si babu yetu hasa. Ni wa tawi jingine la ukoo. Hata hivyo, wale waliodai kwamba Afrika haina historia walijibiwa na majivu ya Olmoti.

Lakini tukumbuke: mlima ulikuwa wetu, kipimo kilikuwa cha wengine. Fuvu lilirudi mwaka 1965. Elimu ya kusoma mawe ilichelewa kurudi. Mwaka 2009 Mtanzania Godwin Mollel na wenzake walichapisha utafiti juu ya mawe ya Olmoti yenyewe. Hiyo ndiyo njia. Mfanyakazi ampelekaye mwanawe Makumbusho siku ya mapumziko asimwonyeshe fuvu tu. Amweleze na habari za mlima ulioitunza hesabu yake.