Usinunue Kasoro Usiyokuwa Nayo: Mwongozo kwa Mwanamke Mtumiaji wa Vipodozi vya Ngozi na Nywele

Kila ifikapo Desemba mji wa Moshi hujaa. Wenyeji wa Kibosho, Machame, Marangu na Rombo wanaofanya kazi mbali hurejea nyumbani kwa sikukuu, harusi hufuatana, na saluni za mjini hufanya kazi hadi usiku. Ni msimu wa furaha. Lakini pia ni msimu ambao vipodozi hununuliwa kwa haraka, bila lebo kusomwa. Makala hii inaeleza mambo ambayo mwanamke anapaswa kuyafahamu kabla ya kununua kipodozi cha kubadili rangi ya ngozi au umbile la nywele. Inaanza na swali ambalo haliandikwi kwenye kopo lolote: je, kasoro inayodaiwa kuondolewa ipo kweli?

Kasoro huuzwa kabla ya kipodozi

Bidhaa nyingi hukidhi haja iliyopo. Sabuni huondoa uchafu. Mafuta huzuia ngozi kukauka. Kipodozi cha kuchubua ngozi ni tofauti. Ili kinunuliwe, sharti mnunuzi aamini kwanza kwamba rangi aliyozaliwa nayo ni tatizo. Imani hiyo hujengwa taratibu, kwa picha iliyo juu ya kopo, kwa utani wa jamaa kwenye sherehe na kwa sifa anazomiminiwa ndugu mwenye rangi ya maji ya kunde, hadi ionekane kuwa ni ukweli usiohitaji kuhojiwa.

Kwa upande wa nywele, mazingira yetu yana jambo la pekee. Wasichana wengi katika shule zetu hutakiwa kukata nywele fupi katika miaka yote ya masomo. Hivyo msichana huweza kufikia umri wa miaka 17 au 18, anapomaliza kidato cha nne, bila kuzifahamu nywele zake mwenyewe: hajui zinavyochanwa, zinavyooshwa wala zinavyotunzwa zikiwa ndefu. Zinapoanza kurefuka, mara nyingi neno la kwanza analolisikia ni kwamba ni ngumu, ni za kipilipili, zinahitaji dawa. Neno hilo "dawa" linastahili kutafakariwa. Dawa hupewa mgonjwa, na nywele zilizojisokota haziumwi.

Mwili unavyofanya kazi

Umbile la nywele hutokana na umbo la tundu linaloziotesha chini ya ngozi. Kwa kuwa nywele zetu hujisokota, mafuta ya asili yanayotoka kichwani hayafiki kwa urahisi kwenye ncha, ndiyo maana hukauka na kukatika upesi. Tatizo hilo ni ukavu, na suluhisho lake ni unyevu: maji, mafuta ya kawaida kama ya nazi au ya parachichi, na kuchana taratibu kwa chanuo lenye meno mapana nywele zikiwa na unyevu.

Rangi ya ngozi nayo hutokana na melanini, ambayo huzuia sehemu ya mionzi mikali ya jua. Mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Anayetoka Moshi mjini kupanda kuelekea vijiji vya mlimani, ingawa huko kuna baridi na mawingu, anasogelea mionzi mikali zaidi. Kuiondoa melanini katika mazingira hayo ni kubomoa ukuta wa nyumba kabla ya masika.

Viambato vya kuepuka

Vipodozi vingi vya kuchubua, pamoja na michanganyiko inayoitwa mkorogo, huwa na kimoja au zaidi kati ya viambato vitatu vifuatavyo.

Haidrokwinoni huzuia ngozi kutengeneza melanini. Ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha madoa meusi yenye rangi ya samawati mashavuni na kwenye vifundo vya vidole, na madoa hayo ni vigumu sana kuondoka.

Zebaki huharibu figo na mfumo wa fahamu. Hupenya ngozi, huweza kumfikia mtoto aliye tumboni, na huweza kuhamia kwa watoto wanaoguswa au kulala na mama anayeipaka. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje ya nchi vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni.

Steroidi kali ni dawa halisi za hospitali, ambazo hutolewa kwa maelekezo ya daktari kwa maradhi maalumu. Zikipakwa kila siku ili kuchubua, ngozi huwa nyembamba, huchanika kwa urahisi na vidonda huchelewa kupona. Kwa mama anayehitaji kujifungua kwa upasuaji, hilo si jambo dogo.

Lebo nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Tafuta maneno haya: hydroquinone, mercury, calomel, clobetasol, betamethasone. Ukiliona mojawapo kwenye kipodozi kinachouzwa dukani au mikononi mwa machinga, usikinunue. Kopo lisiloorodhesha viambato kabisa lisiaminiwe pia.

Dawa za kulainisha nywele

Dawa hizi hufanya kazi kwa kuvunja viunganishi vinavyozipa nywele umbile lake, na nyingi hutumia kemikali kali zenye nguvu ya kuunguza ngozi. Zisipakwe juu ya kichwa chenye vidonda au michubuko, wala zisipakwe watoto. Mwezi Oktoba 2022, watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,947 kwa takriban miaka 11. Walikadiria kuwa asilimia 1.64 ya wasiowahi kutumia bidhaa za kunyoosha nywele wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70; kwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, kadirio lilikuwa asilimia 4.05. Utafiti huo ulionesha uhusiano. Haukuthibitisha kwamba dawa hizo ndizo chanzo. Hata hivyo, ni sababu tosha ya kupunguza matumizi ya mara kwa mara.

Hapa ifahamike kwamba mwanamke ana haki ya kusuka, kunyoa, kuvaa wigi au kuweka dawa. Hata mitindo ya asili ina tahadhari zake: misuko inayovutwa sana huondoa nywele za pembezoni mwa paji la uso. Ukiona vipele au ukihisi maumivu baada ya kusukwa, mwambie msusi alegeze. Uzuri haupimwi kwa maumivu.

Hatua za kuchukua

1. Soma lebo kabla ya kulipa. Hakikisha kuna jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

2. Kataa bidhaa iliyopakuliwa kutoka chombo kingine. Mkoa wetu unapakana na Kenya kupitia Holili na Tarakea, na bidhaa inayopitishwa njia za panya haijapimwa na yeyote.

3. Dai na utunze risiti. Bila risiti ni vigumu kuthibitisha madai yako.

4. Toa taarifa. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa vipodozi ulihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

5. Ukiwa umekwisha kudhurika, nenda hospitali na kopo lako. Anayeacha ghafla krimu ya steroidi huweza kupata mwasho na wekundu mkali, akadhani ngozi yake inaihitaji, akairudia. Huo ndio mtego unaowashika wengi kwa miaka. Mtaalamu wa ngozi anaweza kukuelekeza namna salama ya kuacha. Wakazi wa Moshi wana bahati: KCMC ina Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992. Huna sababu ya kuona aibu. Aliyeuza ndiye mwenye la kujibu.

Kujikubali ni kinga

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bidhaa inayolazimika kukudhalilisha kwanza ili uinunue imekwisha kujieleza yenyewe. Sheria na ukaguzi vinaweza kuondoa makopo mengi sokoni, lakini mkaguzi hayupo wakati shangazi anapomwambia binti kwamba ameungua na jua, wala wakati rafiki anapomletea krimu kwenye mkoba. Hapo kinga ni binti mwenyewe kujua kwamba ngozi yake inafanya kazi yake na nywele zake ziko kama zinavyopaswa kuwa. Wazazi, walimu na wasusi wanaweza kumfundisha hilo mapema, na njia rahisi ni kumwonesha jinsi ya kutunza nywele zake kabla hajaambiwa jinsi ya kuzibadili.