Sayari 'inayofaa kwa uhai': Ukweli ni upi?

MTU akisimama Busia au Malaba mwezi wa Agosti, yapata saa tatu usiku, na mawingu yasiwepo, akitazama kaskazini ataona nyota nyeupe inayong'aa kuliko jirani zake. Hiyo ni Vega. Karibu nayo, mahali ambapo macho matupu hayaoni kitu, ipo nyota nyingine iitwayo Kepler-442. Mnamo Januari 2015 wataalamu walitangaza kwamba nyota hiyo inazungukwa na sayari ambayo huenda inafaa kwa uhai.

Habari kama hizo huzua maswali mengi nyumbani na shuleni. Je, huko kuna viumbe? Je, sisi nasi tunaweza kuhamia huko?

Kepler-442 ni nyota ndogo. Upana wake ni kama asilimia 60 tu ya upana wa jua, na kwa kuwa joto lake ni la chini kuliko la jua, mwanga wake una rangi ya chungwa. Nyota za aina hii hutumia akiba yao polepole, kama mama anayebana makaa jikoni. Jua letu limekadiriwa kudumu miaka bilioni 10 hivi, lakini hizo hupita bilioni 15. Muda huo una maana kubwa, kwani hapa duniani uhai ulichukua mabilioni ya miaka kabla ya kutokea wanyama na mimea.

Iligunduliwaje?

Sayari yenyewe haijaonekana. Chombo cha Kepler, kilichorushwa na shirika la Marekani la NASA mwaka 2009 na kufanya kazi hadi 2018, kilipima mwanga wa nyota hiyo na kugundua kwamba hufifia kidogo kila baada ya siku 112. Kulikuwa na kitu kinachopita mbele yake.

Afrika Mashariki ilishuhudia jambo la namna hiyo tarehe 8 Juni 2004, Zuhura ilipopita mbele ya jua mchana kama kitone cheusi. Zuhura iliziba sehemu moja hivi katika elfu ya uso wa jua. Sayari ya Kepler-442 huziba kama sehemu nne tu katika elfu kumi za nyota yake! Kutokana na kipimo hicho, wataalamu walikadiria kwamba upana wake ni mara 1.3 ya upana wa dunia.

Neno 'kufaa'

Hapa ndipo wengi hupotea. Sayari ikisemwa kuwa inafaa, maana yake ni mambo mawili tu: huenda ni ya mawe kama dunia, na umbali wake kutoka kwa nyota yake unaweza kuruhusu maji yasigande wala kuchemka yakaisha. Hewa yake haijapimwa, na maji hayajaonekana.

Ukubwa peke yake hautoshi. Zuhura inakaribia kulingana na dunia, lakini hewa yake nzito imelifungia joto hadi nyuzi 460 hivi. Hata risasi huyeyuka huko.

Kuhusu kuhamia, tusahau. Neno boda boda lilizaliwa hapa mpakani, kwa baiskeli zilizovusha watu kati ya Kenya na Uganda. Boda boda ya leo, ikienda kilomita 50 kwa saa bila kupumzika, ingechukua zaidi ya miaka bilioni 25 kufika Kepler-442. Mwanga wenyewe, unaokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, huchukua miaka 1,200 hivi. Mwanga unaotufikia leo uliondoka huko wakati Waswahili wa Shanga, kisiwani Pate, walipokuwa wakiswali katika msikiti wa miti.

Basi mzazi, mtoto akikuletea habari ya sayari mpya, mwulize: wamepima nini, na nini bado hakijapimwa? Kisha mwonyeshe Mto Sio au Mto Malaba. Maji yanayotafutwa angani kwa darubini za mamilioni ya pesa yanapita hapo kila siku, nasi tunayatupia taka.