Kiharusi: Tulichojifunza kwa Nyani na Kondoo

Mtu akipooza upande mmoja ghafla, wengi husema, "Ubongo wake umekufa upande." Sivyo hasa. Katika saa za mwanzo sehemu kubwa ya ubongo ulioathirika yaweza kuwa bado hai, ila imenyamaza. Jambo hili lilifahamika kwa kuchunguza wanyama wakubwa, na ndilo sababu ya kumkimbiza mgonjwa hospitali badala ya kungoja kesho.

Damu ina njia za pembeni

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Damu huupelekea mishipa minne inayopita shingoni, nayo huungana chini ya ubongo na kufanya duara. Thomas Willis, daktari Mwingereza, alilieleza duara hilo mwaka 1664. Alikuwa amempasua marehemu mmoja ambaye mshipa mkubwa wa shingo uliziba kabisa, lakini hakupata kupooza: mishipa mingine ilikuwa imemlisha.

Juu ya ubongo pia kuna vijishipa vyembamba vinavyounganisha mshipa na mshipa. Barabara kuu ikiziba, damu hupita vichochoroni. Watu hawakujaliwa vichochoro sawa. Hiyo ni sababu moja ya kiharusi kumlaza huyu kwa miaka na mwenzake kuinuka mapema.

Nyani walionyesha nini?

Katika miaka ya 1970 huko London, Lindsay Symon na wenzake waliwapa nyani nusukaputi, wakaziba mshipa mmoja wa ubongo, kisha wakapima damu. Kwa kawaida gramu 100 za ubongo hupata kama mililita 50 za damu kila dakika. Ikishuka hadi kati ya 15 na 20, ubongo huacha kazi, lakini chembe zake bado zina uhai. Ni ikishuka chini ya 10 hivi ndipo zinapoanza kuharibika.

Eneo lililo kati ya viwango hivyo liliitwa penumbra, yaani nusu-kivuli. Linaishi kwa damu kidogo inayopita njia za pembeni, na haliwezi kuvumilia muda mrefu. Ndiyo maana dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Wagonjwa wachache wenye njia nzuri za pembeni huweza kutolewa bonge kwa mrija hata ndani ya saa 24, baada ya kupigwa picha ya ubongo.

Kwa nini si panya peke yake?

Panya ni rahisi kufuga, lakini ubongo wake hauna mikunjo kama wetu. Dawa iitwayo NXY-059 iliwasaidia panya na kima wadogo. Mwaka 2007 jaribio kubwa kwa wagonjwa lilionyesha kuwa haifai. Kondoo na nguruwe wana ubongo wenye mikunjo, lakini damu yao hupita kwanza katika wavu wa vijishipa ambao mrija haupenyi, hivyo mara nyingi mtafiti hulazimika kufungua fuvu. Hakuna mnyama aliye sawa na mtu kwa yote.

Je, ni halali? Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2417 na 2418) inakubali majaribio ya namna hii yakiwa na kiasi na yakisaidia kuokoa maisha ya watu, kuwatesa wanyama bure inakataza.

Nyumbani mfanye nini?

1. Mwambie mgonjwa atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi fupi. Mdomo ukienda upande, mkono ukianguka au maneno yakikwama, hicho huenda ni kiharusi.
2. Kumbukeni saa dalili zilipoanza. Daktari ataiuliza.
3. Msimpe chakula, maji wala aspirini. Anaweza kupaliwa, na pengine mshipa umepasuka, haukuziba.
4. Akisinzia, mlazeni kwa ubavu.
5. Mpelekeni hospitali mara moja, hata dalili zikitoweka.

Na wenye shinikizo la damu wasiache dawa kwa sababu wanajisikia vizuri. Shinikizo huharibu mishipa mikubwa, na vichochoro vilevile.