Mwalimu wa Sayansi na Mji wa Dhahabu

Mgodi wa Bulyanhulu, katika Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2001. Kazi ya kuchimba dhahabu chini ya ardhi yataka watu wanaojua kemia, fizikia na hesabu. Nasi twauliza: mtoto wa Bugarama atafundishwa masomo hayo na nani, na mwalimu huyo atakaa naye kwa muda gani?

Hatusemi kwamba hakuna kilichofanyika. Mwaka 2014 wananchi walikuwa wakichanga kujenga maabara tatu katika kila sekondari ya kata, na wa huku walichanga kwa jasho la pamba na mpunga. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi. Mei 2016 wanafunzi wake zaidi ya 7,000 wakarudishwa nyumbani, ingawa baadhi walipelekwa baadaye kwenye vyuo vya ualimu. Majengo tunayajua kuyahesabu. Lakini mwalimu akihama, maabara hugeuka stoo ya madawati mabovu.

Wako wanaowalaumu walimu kwa kupenda fedha. Lawama hiyo hatuikubali hata kidogo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifundisha biolojia katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kabla ya kwenda masomoni Edinburgh mwaka 1949. Na mwaka 1955 aliacha kufundisha Pugu kwa ajili ya siasa. Hatujasikia aliyemwita msaliti wa chaki. Mwalimu ni binadamu, ana mke au mume, ana watoto. Katika mji wa mgodi kodi ya chumba hufuata mishahara ya mgodini, naye hulipa kwa mshahara ule ule anaolipwa mwenzake wa kijiji kisicho na dhahabu. Tena kemia anayoifundisha inatakiwa upande wa pili wa ukuta.

Hapana budi, basi, sehemu ya ushuru wa huduma unaolipwa na mgodi itengwe kwa nyumba za walimu wa sayansi, zenye maji na umeme, kabla ya kujengwa maabara nyingine. Na kila mwalimu anayeomba uhamisho aulizwe sababu kwa maandishi, bila kutishwa. Majibu hayo yasomwe mbele ya Baraza la Madiwani, yasifungiwe kabatini.